Simu Iliyorutiwa na Uthibitisho wa Play Protect: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwenye meza ya fundi simu Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Aggrey, ambako hazipiti siku nyingi kabla hajafika mtu mwenye simu inayopiga na kupokea bila shida, lakini programu ya benki imegoma kufunguka tangu iliporutiwa. Majibu yanahusu simu za Android peke yake. Kuruti ni kujipa mamlaka ya juu kabisa juu ya mfumo wa simu yako, na butiloda ni ile programu ndogo inayoamka kwanza unapobonyeza kitufe cha kuwasha. Maneno hayo mawili yatarudi mara nyingi.

Simu yangu haina tatizo lolote. Kwa nini Play Store inasema haijathibitishwa?

Kwa sababu uthibitisho si kipimo cha uzima wa simu. Mtengenezaji anayetaka kuuza simu zenye Play Store hulazimika kupitisha kila modeli kwenye majaribio ya ulinganifu ya Google, na toleo la mfumo lililofaulu ndilo linalotambuliwa. Simu yako ikiwa na toleo hilo, na halijaguswa, inahesabiwa kuwa imethibitishwa. Ukiiruti unabadilisha kipande cha mfumo kinachoamka mwanzoni kabisa, na kabla ya kufika hapo umeshalazimika kufungua butiloda. Kioo kipya, betri ya dukani au spika iliyobadilishwa havihusiki hata kidogo. Kinachoulizwa ni kama mfumo huu ndio ule alioutia mtengenezaji, na kama mlango wake bado umefungwa.

Nitaijuaje hali ya simu yangu?

Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti yako iliyo juu, ingia kwenye mipangilio, kisha kwenye sehemu inayoeleza kuhusu programu yenyewe. Humo utakuta mstari wa Play Protect, huduma ya ulinzi ya Google iliyomo ndani ya Play Store, unaosema kama kifaa kimethibitishwa. Anayetaka undani zaidi aguse mstari wa toleo la Play Store mara saba. Sehemu ya wasanidi itafunguka ndani ya mipangilio ya jumla, na humo mna kitufe cha kukagua uadilifu wa kifaa, kinachotaja ngazi ambazo simu imefikia.

Dalili nyingine huonekana hata kabla simu haijamaliza kuwaka. Simu nyingi zenye chipu ya MediaTek, ambazo ndizo zimejaa mjini, zikiwa na butiloda iliyo wazi huonyesha maandishi madogo meupe chini ya nembo, yakisema kwamba kifaa kiko katika hali ya rangi ya chungwa, hakiwezi kuaminiwa, na kitawaka baada ya sekunde tano. Watu wengi huyaona kila asubuhi na kudhani ni sehemu ya nembo. Ukiyaona kwenye simu ya mtumba kabla hujalipa, mwulize muuzaji.

Je, huu ndio uthibitisho wa TCRA?

Hapana, na kuchanganya mambo haya mawili kumewagharimu watu fedha. Ukaguzi wa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, unahusu IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ambayo unaipata kwa kubonyeza *#06# na unaweza kuihakiki kwa kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Ndio ukaguzi uliozizima simu bandia nchini tarehe 16 Juni 2016. Mtandao wa simu hautazami kama umeruti au hujaruti. Google nayo haifungi laini yako. Simu yenye IMEI halali inaweza kukataliwa na Play Store, na hali hiyo haizuii kupiga wala kupokea.

Kwa hiyo akitokea mtu akakwambia kwamba dawa ya uthibitisho wa Play Protect ni kubadilisha IMEI, ondoka. Kuchezea IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na halisogezi tatizo lako hata hatua moja.

Sijawahi kuruti simu yangu. Mbona imekataliwa?

Kuna sababu tatu tunazokutana nazo sana. Ya kwanza ni simu iliyotengenezwa kwa soko la China, ikafika huku, na mtu njiani akaifungua butiloda ili aiwekee romu, yaani faili la mfumo mzima wa simu, ya kimataifa yenye lugha na huduma tulizozizoea. Hukuruti wewe, lakini mlango uliachwa wazi. Ya pili ni kifaa ambacho hakijapita majaribio ya Google tangu kiwandani, kama vilivyo visanduku vingi vya televisheni vya bei nafuu. Ya tatu ni fundi aliyefleshi, yaani aliyeandika upya mfumo wa simu, kwa toleo lisilo la modeli yako ili simu iamke tu.

Google ina ukurasa maalumu, google.com/android/uncertified, ambapo mwenye kifaa kisichothibitishwa au mwenye romu ya kujiwekea anaweza kusajili namba ya utambulisho ambayo huduma za Google huipa simu. Namba hiyo si IMEI. Hubadilika kila simu inapofutwa na kurudishwa hali ya kiwandani, na akaunti moja inaruhusiwa kusajili namba mia moja. Usajili huu unakuwezesha kuingia kwenye akaunti na kupakua programu. Hauipandishi simu ngazi yoyote ya ukaguzi, na benki haiujali.

Ukaguzi wenyewe unafanyikaje?

Programu ya benki inapofunguka, huiuliza huduma ya Google iliyomo ndani ya simu kama kifaa kinaaminika. Utaratibu huo unaitwa Play Integrity. Huduma hiyo haitosheki na maneno ya mfumo, kwa kuwa mfumo uliorutiwa unaweza kufundishwa kusema uongo. Huliendea eneo salama la prosesa, ambalo ni chumba kilichojitenga ndani ya chipu na ambacho hata Android haiwezi kuchungulia ndani yake, na kulitaka litoe cheti. Cheti hicho hutiwa saini kwa ufunguo wa siri unaokaa humo ndani, na mnyororo wa saini zake unaishia kwenye mzizi wa Google. Pamoja na mengine, kimeandikwa kama butiloda imefungwa, hali ya uamkaji wa mfumo, na tarehe ya sasisho la usalama. Hukumu hutolewa kwenye seva, nje kabisa ya simu yako.

Hali ya uamkaji inatajwa kwa rangi. Kijani ni mfumo wa mtengenezaji uliofungwa. Njano ni mfumo uliofungwa kwa ufunguo wa mwenye simu mwenyewe. Chungwa ni mlango ulio wazi, na nyekundu ni mfumo ulioharibika au uliokataliwa.

Majibu yana ngazi tatu: ya msingi, ya kifaa, na ya juu. Tangu Mei 2025, kwa simu zenye Android 13 na kuendelea, ngazi ya kifaa hutegemea cheti hicho cha chipu, hivyo simu yenye butiloda iliyo wazi kwa kawaida huishia kwenye ngazi ya msingi; na ngazi ya juu hudai pia kwamba simu iwe imepata sasisho la usalama ndani ya mwaka mmoja uliopita. Sharti hilo la mwisho linawaangusha hata watu ambao hawajawahi kugusa chochote, kwa sababu simu nyingi za bei ya chini huacha kupata masasisho mapema. Simu zenye Android 12 kurudi nyuma bado hupimwa kwa kanuni zilizolegea kidogo.

Kila mwenye programu hujichagulia ngazi anayoitaka. Ndiyo maana benki moja hukubali na nyingine hukataa kwenye simu ile ile, siku ile ile.

Nimesoma maelekezo yanayotaja SafetyNet. Bado yanafaa?

Hayafai. SafetyNet, utaratibu wa ukaguzi wa Google uliotangulia Play Integrity, ilitangazwa kuachwa mwaka 2022 na ikazimwa mwaka 2025. Maelekezo yoyote yanayoahidi kuipita yanazungumzia mlango ambao haupo tena.

Magisk ina uwezo wa kujificha. Kwa nini haitoshi?

Magisk, zana ya kuruti iliyoandikwa na John Wu na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2016, ilipata umaarufu kwa sababu ilibadilisha mfumo bila kuandika juu ya faili zake, na kwa miaka kadhaa ilikuwa na sehemu iliyoficha ruti isionekane. Mwaka 2021 John Wu alijiunga na Google, na sehemu ile ikaondolewa. Kilichobaki ni orodha ya kunyima, ambayo huondoa mabadiliko ya Magisk mbele ya programu unazozichagua.

Orodha hiyo inafanya kazi yake vizuri. Programu iliyoorodheshwa ikipekua simu kutafuta faili za ruti, haizikuti. Lakini rudi kwenye jibu lililotangulia: cheti cha chipu hakitafuti faili za ruti. Kinasema butiloda iko wazi, na iko wazi kweli. Unaweza hata kuifuta Magisk yote, ukabaki huna ruti kabisa, na bado ukakataliwa kwa kosa hilo moja. Hii ndiyo nukta ambayo wateja wetu huchelewa kuikubali, wakaendelea kufuta na kuweka programu usiku kucha kana kwamba tatizo liko juu juu, na kumbe liko chini ya sakafu.

Na zile moduli zinazoifanya simu ionekane kama nyingine?

Zipo, na zimewahi kufanya kazi vizuri. Moduli ya namna hii, ambayo ni nyongeza inayowekwa juu ya Magisk, huipa huduma ya Google alama ya utambulisho ya toleo la simu nyingine iliyothibitishwa, mara nyingi ya zamani, ili simu yako ichukuliwe kuwa haina uwezo wa kutoa cheti cha chipu na isamehewe. Google nayo huzifunga alama hizo zinapotumiwa na watu wengi, kisha hutafutwa nyingine, nazo hufungwa. Tangu mabadiliko ya mwaka 2025 msamaha wenyewe umepungua sana kwenye simu mpya.

Hatukatai kwamba mtu mwenye muda na subira anaweza kupata wiki kadhaa za utulivu. Tunachokikataa ni kumwekea mfanyabiashara moduli kama hiyo, tukapokea hela yake, halafu ikamfungia akaunti mwisho wa mwezi anapolipa mzigo. Zaidi ya hayo, moduli hufanya kazi ikiwa na mamlaka ya juu kabisa ndani ya simu hiyo hiyo yenye fedha zako, na wengi huipakua kutoka kwa mtu wasiyemjua hata kwa jina.

Kuna mtu ananiuzia faili la funguo linalopitisha ngazi zote tatu. Ninunue?

Usinunue. Faili hilo lina funguo za siri zilizovuja kutoka kwenye vifaa vya mtengenezaji fulani, na simu yako huzitumia kujitilia saini kana kwamba ni kifaa hicho. Google hutunza orodha ya vyeti vilivyobatilishwa, na ufunguo mmoja ukionekana umetoa saini kwa maelfu ya simu tofauti, huingia humo. Kuanzia hapo simu yako haitambuliki hata kidogo, na muuzaji anakuuzia faili la pili. Unanunua kitu kilichoibwa, ambacho thamani yake inashuka kila anapopatikana mteja mwingine.

Ngazi ya kifaa imepita, lakini programu ya benki bado inagoma.

Programu nyingi za fedha zina macho yake yenyewe mbali na ya Google. Baadhi hutazama kama sehemu ya wasanidi au utatuzi wa kupitia waya wa USB imewashwa. Zizime zote mbili ujaribu tena. Baadhi hutafuta programu ya Magisk kwa jina lake, au folda iliyoachwa na zana ya kurejesha mfumo kwenye hifadhi ya ndani. Nyingine husumbuliwa na programu zenye ruhusa ya ufikivu, kwa sababu wezi huitumia ruhusa hiyo kusoma kioo. Hapo mwenye kosa anaweza kuwa programu ya kubonyeza yenyewe uliyoiweka kwa ajili ya mchezo.

Kwa sasa nitatumaje pesa?

Kwa menyu ya namba, kama ulivyokuwa ukifanya kabla ya programu hizi. *150*00# ya M-Pesa na menyu za mitandao mingine hupita kwenye laini na mtandao wa simu, hazipiti kwenye ukaguzi wa Google, kwa hiyo zinafunguka kwenye simu iliyorutiwa sawasawa na kwenye simu ya kitochi. Wateja wetu kadhaa wamemaliza shauri zima kwa njia hiyo: laini yenye fedha ikahamia kwenye simu ndogo isiyo na intaneti, na simu iliyorutiwa ikabaki ya majaribio, picha na michezo. Kwa anayependa kuruti kwa dhati, sijaona mpango bora kuliko huo.

Nimeamua kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Nianzie wapi?

Anza kwa kuhifadhi picha, majina na mazungumzo nje ya simu, kwa sababu kufunga butiloda hufuta kila kitu kama kulivyofuta kuifungua. Kisha tafuta romu rasmi ya modeli yako, ukilinganisha namba kamili ya modeli iliyo kwenye mipangilio, si jina la kibiashara lililo kwenye boksi. Simu mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na chipu tofauti. Faili lenyewe aghalabu hufikia GB kadhaa, basi panga bando lako mapema. Tazama pia kwamba toleo si la zamani kuliko lililomo, maana simu nyingi za sasa hukataa kurudishwa nyuma.

Tumia kompyuta mpakato yenye chaji ya kutosha. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba inakuweka mikononi mwa umeme, na umeme ukikatika wakati kipande cha butiloda kinaandikwa, simu inaweza isiwake tena. Waya uwe mzima na mfupi. Ule unaolazimika kuushikilia kwa pembe fulani ndipo uchaji, usiutumie kwa kazi hii.

Fleshi romu nzima, vipande vyote. Usiishie kwenye kile kilichobadilishwa na Magisk. Baada ya hapo iwashe simu mara moja ikiwa butiloda bado iko wazi, uingie mpaka kwenye kioo cha nyumbani, uhakikishe inawaka vizuri kabisa. Hatua hii inarukwa na wengi, nayo ndiyo inayookoa simu. Ikishawaka, irudishe kwenye hali ya fastboot, ile ya kupokea amri kutoka kwenye kompyuta, na uifunge butiloda. Kwenye simu nyingi amri ni `fastboot flashing lock`, kisha unathibitisha kwa vitufe vya sauti.

Kufunga ndiko kwenye hatari halisi. Butiloda ikiwa wazi huvumilia mfumo uliobadilishwa, ikifungwa haivumilii. Kijana mmoja alituletea simu aliyoifunga huku kipande cha kuamkia kikiwa bado kile cha Magisk, kwa sababu alisikia kwamba kufunga ndiyo dawa. Simu ilionyesha nembo, ikazima, ikaonyesha nembo tena, na hivyo hivyo mezani mpaka betri ilipokwisha. Butiloda iliyofungwa haikukubali kufleshiwa kwa fastboot, na mfumo haukuwaka ili aruhusu kuifungua. Tulipona kwa bahati ya chipu yake, iliyokuwa na njia ya dharura. Si kila chipu inayo.

Kwa wenye Xiaomi kuna mitego miwili zaidi. Simu iliyotengenezwa kwa soko la China haifungwi ikiwa na romu ya kimataifa, kwani itakataa kuwaka na kusema kwamba toleo hilo haliwezi kuwekwa kwenye kifaa hicho. Pia zana ya kampuni hiyo ya kufleshi kwa kompyuta huwa na chaguo tatu chini ya dirisha, na linalotangulia kuwekewa alama ni lile la kufuta vyote na kufunga. Litazame kabla hujabonyeza.

Je, Samsung iliyorutiwa inaweza kurudi sawa?

Kwa sehemu. Samsung huweka ndani ya simu fyuzi ya kielektroniki ambayo huungua mara ya kwanza unapowasha mfumo usio wao, na haiungiki tena. Thamani yake hubadilika kutoka 0x0 kuwa 0x1 na kubaki hivyo maisha yote ya simu. Folda salama na huduma ya malipo ya Samsung hupotea moja kwa moja, hata ukirudisha romu rasmi. Ukaguzi wa Google ni shauri jingine, nao hutazama mfumo na kufuli. Anayenunua Samsung ya mtumba aingie kwenye hali ya kupakua romu asome mstari wa dhamana ya Knox, mfumo wa usalama wa Samsung. Ni dakika moja tu.

Nikitumia LineageOS au GrapheneOS bila ruti, nitapita?

Ngazi ya kifaa hutaipata, kwa sababu mifumo hiyo, ambayo ni Android zilizojengwa na watu wasio watengenezaji wa simu, haimo kwenye matoleo yaliyothibitishwa, ijapokuwa kwa usalama GrapheneOS imejengwa kwa uangalifu mkubwa na huruhusu kuifunga butiloda ya Pixel, simu za Google, kwa ufunguo wake yenyewe. Ni haki kulalamika kwamba kipimo hiki hakitofautishi mfumo salama usio wa mtengenezaji na mfumo uliochezewa ovyo. Programu chache hukagua cheti cha chipu moja kwa moja na kuukubali ufunguo wa GrapheneOS, lakini usitarajie hivyo kwa benki yako bila kujaribu.

Kwa nini picha za Netflix zimekuwa na ukungu tangu niliporuti?

Kwenye baadhi ya simu, kufungua butiloda hushusha ulinzi wa video wa Widevine kutoka ngazi ya L1 hadi L3, na huduma za filamu hazitumi picha angavu kwa L3. Kwenye simu nyingi hurudi butiloda ikifungwa.

Nimefunga butiloda, simu inawaka, lakini Play Store bado inasema haijathibitishwa.

Kwanza hakikisha maandishi ya hali ya chungwa hayaonekani tena simu inapowaka. Yakionekana, kufuli halikushika. Kama hayapo, nenda kwenye mipangilio ya programu, ufute data ya Play Store na ya huduma za Google Play, uwashe simu upya ikiwa na intaneti, na uhakikishe tarehe na saa ni sahihi. Mara nyingine jibu la zamani hukaa kwa saa kadhaa kabla halijabadilika, kwa hiyo iache hadi kesho yake kabla hujaanza kufleshi tena. Ikiwa ngazi ya kifaa imepita na ya juu ndiyo inayokosekana, tazama tarehe ya sasisho la usalama: ikiwa imepita mwaka na mtengenezaji hatoi jipya, hakuna fundi wa Kariakoo anayeweza kukutengenezea.